Ndama wa Majani Makavu

Wiki iliyopita, hapa Lemara ninapoishi, mama mmoja anayeuza maziwa nyumba kwa nyumba alijikwaa kwenye jiwe mbele ya geti letu. Kapu lake likapinduka, dumu moja likapasuka, na maziwa yakamwagikia majani makavu ya mgomba aliyokuwa ameyatandika ndani ya kapu ili madumu yasigongane. Nilitoka na kitambaa kumsaidia. Nilipoinama, ile harufu ikanipanda puani, jani kavu la mgomba lililolowa maziwa ya uvuguvugu. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma sekondari, na yule mama akaanza kunipa pole kana kwamba mimi ndiye niliyeanguka.

Harufu hiyo ni ya msimu mmoja wa mvua wa utoto wangu, kwenye mteremko wa Meru, na nyumbani kwetu tulifundishwa kutousema msimu huo. Najua wengi wa rika langu walifundishwa hivyo hivyo, na najua bado kuna watu leo wanaowaambia wanawake wanyamaze. Mimi ninausema. Atakayeona vibaya, aone.

Nyumba yetu ilikuwa juu, kule ambako kahawa inakaa kivulini chini ya migomba na mfereji unapita nyuma ya jiko na maji yake ya kuuma meno. Shamba, au kihamba kama tulivyokiita, lilikuwa la babu, na babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo lilikuwa la Bibi, mama yake baba. Hakuna aliyewahi kulitamka hilo. Ilitosha kuona jinsi watu walivyosogea Bibi akipita. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa, na kanisani kulikuwa na mahali pake kwenye benchi ambapo hata mgeni hakukaa. Baba alikuwa seremala, mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa kukubaliana na yeyote aliyeongea mwisho. Mama alitoka chini, upande wa Momela, na japo alikuwa ameolewa kwetu tangu kabla sijazaliwa, Bibi alikuwa bado anamwita "msichana wa Momela."

Na tulikuwa na ng'ombe mmoja, Kidoti, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mwaka ule Kidoti na Mama walibeba mimba pamoja. Nilikuwa na miaka saba, na kwangu hilo lilikuwa jambo la kujivunia kuliko yote. Jioni tulipompelekea majani ya tembo, nilikuwa naweka mkono mmoja kwenye tumbo la Kidoti na mwingine kwenye tumbo la Mama, nangoja nani atapiga teke kwanza. Mama alikuwa anamwambia ng'ombe, "Sogea, mwenzangu, na mimi mgongo unaniuma." Kwa mtoto alikuwa amefuma sweta dogo la manjano na kofia yake, akavificha kwenye sanduku chini ya kitanda, maana Bibi hakupenda mtoto aandaliwe nguo kabla hajafika.

Mtoto alizaliwa siku ya mvua kubwa, barabara ya kwenda zahanati ikiwa matope matupu. Nilikuwa jikoni. Nilisikia sauti yake kupitia mbao za ukuta, mara moja, nyembamba, kama mlango unaohitaji mafuta. Kisha nikatumwa kwa jirani ng'ambo ya mfereji, na huko nikakaa mpaka kesho yake. Niliporudi Bibi alikuwa anapuliza moto.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza.

"Mtoto hakukaa."

"Ameenda wapi?"

"Nimesema hakukaa. Kachote maji."

Hakukaa. Neno hilo nilizunguka nalo siku nzima. Watu wasiokaa niliwafahamu. Mjomba alikuja mara moja kutoka Momela, akanywa chai, hakukaa. Mwalimu wetu wa kwanza hakukaa. Kwa hiyo nikaelewa kwamba mtoto alifika, akaangalia nyumba yetu, kuna kitu hakukipenda, akaondoka. Nilidhani ni moshi. Halafu nikakumbuka kwamba niliwahi kumwambia Mama sitaki kulala na mtoto kitanda kimoja, na hapo nikaogopa. Nikachukua ufagio nikafagia chumba chote, mpaka chini ya kitanda, nikapanga viatu vyangu pembeni, ili akirudi akute mahali pazuri.

Kwetu mwanamke akijifungua analala ndani muda mrefu. Analetewa mtori wa ndizi, analetewa supu, hashiki hata ufagio, na wanawake wanapishana mlangoni na vyungu vyao. Mama aliletewa mtori siku mbili. Siku ya tatu vyungu vikakoma. Bibi aliingia chumbani na kipande cha khanga, akamfunga Mama kifua kwa nguvu, akamwambia, "Pasipo mtoto hapana mzazi. Amka ujishughulishe, utasahau. Ukilialia utamkera Mungu asikupe mwingine." Mama aligeukia ukutani. Gauni lake lilikuwa na madoa mawili ya maji kifuani ambayo hayakukauka, na mimi sikujua ni nini.

Haikupita wiki, Kidoti akazaa. Ndama alikuwa dume, dhaifu, miguu ilikuwa inamcheza. Nilimwona jioni moja akijaribu kusimama, mama yake akimlamba kwa bidii mpaka akawa anamwangusha. Asubuhi sikumkuta.

"Ndama yuko wapi?"

"Naye hakukaa," Bibi akasema, na safari hii alikuwa amechoka.

Kidoti alilia. Sijui kama waliokulia mjini wamewahi kusikia ng'ombe akimlilia ndama. Si mlio wa njaa. Ananyoosha shingo, anaita, kisha ananyamaza kusikiliza kama kuna atakayeitika, kisha anaita tena. Akawa hali, na hakuruhusu mtu amguse. Bibi alipojaribu kumkamua, hata tone hakuachia, na kiwele kikavimba kikawa kigumu kama jiwe. Mama alikuwa chumbani upande wa pili wa ukuta, na kila Kidoti alipoita, nilimwona anavuta magoti kifuani.

Ndipo Bibi akamwita Mzee Lomnyaki, mfugaji wa upande wa magharibi wa mlima, aliyejua ng'ombe kuliko mtu yeyote pale kwetu. Alikuja asubuhi nikiwa shuleni. Niliporudi mchana nilisikia kimya kabla sijafika. Kidoti alikuwa halii. Nikakimbilia bandani, na ndama alikuwa amesimama pale mbele ya hori, na mama yake akimlamba mgongo, na Bibi ameketi kwenye kigoda anakamua, maziwa yakilia kwenye ndoo.

"Amerudi," nikasema.

"Nani?"

"Ndama. Amerudi."

Mzee Lomnyaki alicheka taratibu. Bibi naye akatabasamu, na hilo lilikuwa jambo la nadra. Nikasogea. Ndama alikuwa amesimama kwa msaada wa vijiti, macho yake yameshonwa kwa kamba ya katani. Nilimgusa ubavuni, akalia kama majani yanavyolia ukiyakanyaga. Pale mshono ulipoachia nikaingiza kidole nikavuta, na kidole kikatoka na kipande cha jani kavu la mgomba.

Wengine watadhani nilishtuka. Sikushtuka hata kidogo. Nilifikiri, kumbe ndivyo wanavyorudi. Wale wasiokaa, wakirudi, wanarudi na majani tumboni. Hawatembei, hawalii, lakini wamerudi, na mama zao wanaacha kulia.

"Hajui kama ni majani?" nilimuuliza Mzee Lomnyaki.

"Anajua," akasema. "Ng'ombe si mjinga, mwanangu. Macho yake yanamwambia huyu si mzima. Lakini ngozi ni ya mwanawe, pua inamwambia ni mwanawe. Na tumempaka chumvi kidogo mgongoni apate hamu ya kulamba. Basi anachagua kusikiliza pua."

"Na asingerudi?"

"Maziwa yakikosa mtoto yanageuka ugonjwa. Yanamuumiza mwenyewe."

Nilimtazama Kidoti, kisha nikatazama dirisha la chumba cha Mama. Nikaelewa yale madoa mawili kwenye gauni. Nikaona pia kwamba katika nyumba nzima hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo isipokuwa mimi.

Sikufanya haraka. Siku mbili niliangalia kwanza jinsi Bibi anavyofanya. Siku ya tatu, Mama akiwa amesinzia baada ya chakula cha mchana, nilivuta sanduku chini ya kitanda nikatoa sweta la manjano na kofia. Nikaenda migombani nikachuma majani makavu, yale yanayoning'inia, nikachagua laini. Nilijaza sweta mpaka likawa na tumbo, nikajaza kofia, nikavifunga pamoja kwa kamba ya mgomba. Chini nikazungushia kitambaa, maana miguu sikuweza. Ili awe na harufu nilichovya kiganja kwenye ndoo ya maziwa ya Kidoti nikampaka kichwani na kifuani. Mwisho nikamnyunyizia chumvi mgongoni.

Nilimlaza kando ya Mama, nikakaa chini kungoja.

Mama aligeuka usingizini, mkono wake ukamwangukia. Nikaona vidole vinapapasa sweta. Akafumbua macho. Akamwinua taratibu akampeleka puani. Akavuta pumzi. Madoa yale mawili kwenye gauni lake yakapanuka mbele ya macho yangu, yakashuka mpaka tumboni. Nikafurahi. Nilijua imefanya kazi.

"Nani amekufundisha?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Kidoti."

Akanitazama. Nikamweleza yote: ndama alivyorudi, vijiti, kamba ya katani, chumvi. Nilimwambia nimefagia chumba. Nilimwambia kwamba sasa maziwa hayatamuumiza. Mama hakulia. Alikaa kitandani, akafungua kile kipande cha khanga kifuani, akakiacha kikaanguka sakafuni. Akachukua khanga nyingine akajifunga, akampakata yule mtoto wa majani, akanishika mkono, na tukatoka nje. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuka kizingiti tangu ile siku ya mvua, na jua lilimfanya afumbe macho.

Bibi alikuwa bandani anakamua, paji la uso ameliegemeza kwenye ubavu wa Kidoti. Ndama alikuwa mahali pake, analambwa shingo.

"Shikamoo, mama," Mama akasema.

"Marahaba. Afadhali umeamka."

"Naomba uache kukamua."

Bibi hakugeuka. "Nimalizie chuchu mbili."

"Uache sasa, mama. Tafadhali."

Hapo ndipo Bibi alipogeuka, akaona alichobeba Mama. Mikono yake ikasimama kwenye kiwele.

"Ni nini hicho?"

"Mjukuu wako ameniletea. Ameona mnavyomfanyia Kidoti, akaona na mimi nifanyiwe."

"Kachome huo uchafu, urudi ukalale."

"Nina swali kwanza. Mimi nilipolia, mliniambia ninyamaze nisahau. Huyu alipolia, mmemtengenezea mwanawe. Kwa nini?"

"Huyu ni ng'ombe."

"Maziwa yake mnayataka," Mama akasema. "Yangu hayana wa kuyanywa, ndiyo maana mlinifunga kitambaa."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na bado sijasikia mtu akijibu hoja hiyo. Kilichosikika ni ulimi wa Kidoti ukikwaruza ngozi.

Mama akanipa mtoto wa majani nimshike. Akafungua geti la banda, akamshika yule ndama shingoni akamvuta. Kijiti kimoja kikang'oka, ngozi ikaachia ubavuni, majani yakamwagika sakafuni. Kidoti aliinua kichwa. Alinusa pale ndama aliposimama, akanusa majani, akanyoosha shingo, na akaanza kuita upya.

"Maziwa yatakauka," Bibi akasema.

"Yakauke."

"Na mume wako utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimeyakausha mimi. Na jambo la pili, mama. Mwanangu amelazwa wapi?"

Bibi alisimama akachukua ndoo yake. "Hilo haliulizwi."

"Ninauliza."

"Mtoto ambaye hajatolewa nje akaonyeshwa watu hawekewi alama ya kaburi, na mama yake haonyeshwi alipolazwa. Sikuyaanzisha mimi. Niliyakuta."

"Na mimi nimeyakuta," Mama akasema. "Siyabebi."

Bibi akapita katikati yetu akaenda zake. Mama alikaa kwenye rundo la majani ya ng'ombe, akaniketisha mapajani japo nilikuwa nimeshakuwa mkubwa. Akaniambia polepole, "Ndama amekufa. Na mtoto wetu amekufa. Watu wakisema hakukaa, wanachosema ni hicho. Hakuondoka kwa sababu yako. Hakukiangalia kitanda chako. Alipumua kidogo, akashindwa, akafa mikononi mwangu. Alikuwa msichana." Nikalia, kwa hofu yote niliyokuwa nimeificha. Mama hakuniambia ninyamaze. Alisema, "Lia. Hapa ruhusa." Tukalia watatu, yeye, mimi na Kidoti, mchana kweupe, na aliyepita njiani akasikia, basi alisikia.

Baba aliporudi kutoka kazini jioni, Mama alimkuta uani kabla hajavua viatu.

"Amelazwa wapi?"

Baba aliangalia mikono yake. "Mimi nilitengeneza sanduku tu. Mama yangu akalichukua. Aliniambia nisifuate."

"Na hukufuata."

"Sikufuata," Baba akasema, na nadhani hakuwahi kulisahau jibu hilo, maana mimi sikulisahau.

Kuanzia siku hiyo Mama hakurudi kitandani. Alipika, alifua, alimlisha Kidoti. Lakini jembe hakushika. Ulikuwa wakati wa palizi, magugu yanaota juu ya magugu, na Mama akasema mbele ya watu waliopita: "Siwezi kulima mahali nisipojua mwanangu yuko upande gani. Sitaki nimchimbe." Alisema kwa adabu, bila kupaza sauti, kila aliyeuliza alimjibu hivyo hivyo. Wanawake wakaanza kupunguza mwendo wakifika kwetu. Baadhi walimwambia Bibi ana mkwe mkaidi. Wengine walisimama tu kwenye njia, wanaangalia migomba yetu, kisha wanaenda bila kuaga. Bibi akalima peke yake, na kwa umri wake aliweza kidogo tu kwa siku.

Maziwa ya Kidoti yakapungua kweli. Baba akaja na mtu wa bucha amwangalie. Mama alisimama kwenye geti la banda.

"Huyu haendi."

"Ng'ombe asiyekamuliwa anakula bure," Baba akasema.

"Basi na mimi nakula bure. Utuuze wote wawili."

Yule mtu wa bucha alikohoa, akasema atapita siku nyingine. Hakupita.

Wiki hiyo hiyo ng'ombe wa jirani yetu ng'ambo ya mfereji alikufa baada ya kuzaa. Akabaki ndama jike, mwekundu, wanamnywesha uji kwa chupa, amekonda mbavu zinahesabika. Mama alikwenda kuomba apewe huyo ndama. Alivuka naye mfereji akiwa amembeba mabegani, maji yamemfika magotini, na mimi nyuma nimeshika viatu vyake.

Bibi alimwona kutoka jikoni. Nadhani alitaka kusaidia, maana alisema bila ukali, "Mfunike na ngozi ya yule wa kwanza. Atamkubali leo leo."

"Hapana, mama. Amwone alivyo."

Kidoti alimwona alivyo, akampiga teke. Ndama akaruka akajigonga ukutani. Mama akamwinua, akamnywesha kwa mkono maziwa machache aliyofanikiwa kuyapata, akamrudisha. Akapigwa tena. Siku ya kwanza ilikwisha hivyo, na ya pili ikaanza hivyo, na Mama alikuwa anashinda bandani, mgongo kwenye nguzo, ndama miguuni pake. Hakumlazimisha Kidoti wala hakumfunga miguu. Mara nyingine alimwambia tu, "Sikudanganyi. Si wako. Najua si wako."

Siku ya tatu, mchana, Kidoti alimsogelea ndama mwenyewe. Alimnusa kuanzia mkia mpaka sikioni, taratibu. Alipomaliza akashusha pumzi ndefu, akageuza kichwa akaangalia pembeni. Ndama akaenda chini ya tumbo lake kwa miguu ya kutetemeka. Kidoti akainua mguu wa nyuma. Mama alinishika mkono mpaka ukaniuma. Mguu ukakaa juu, ukakaa, kisha Kidoti akaushusha nyuma kidogo, akampisha. Tukasikia ndama anavuta, na povu likamtoka pembeni mwa mdomo.

Hakumlamba siku ile. Ninalisema hilo kwa sababu watu wakisimulia mambo haya hupenda kusema alimlamba na yote yakaisha. Kumlamba kulikuja wiki kadhaa baadaye. Siku ile alimpa maziwa tu, huku anaangalia pembeni.

Nilipogeuka, Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na jembe lake begani. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

"Bila ngozi," alisema, akijisemea. Akaondoka.

Asubuhi iliyofuata alikuja mlangoni kwetu tunakunywa chai. "Njoo," alimwambia Mama. "Na mtoto aje." Alikuwa na panga mkononi na amejifunga khanga kiunoni. Tulimfuata peku kwenye majani yaliyoloa, tukapita kahawa, tukaingia ndani kabisa ya migomba, mahali ambapo hata mchana kuna kiza cha kijani. Akasimama kwenye shina moja nene.

"Hapa," akasema.

Mama alipiga magoti. Aliweka kiganja juu ya udongo, akakitandaza, akakiacha hapo kama mtu anayepima homa. "Elinami," akasema. "Niliwahi kumpa jina kabla hajatoka. Anaitwa Elinami." Nikapiga magoti kando yake na mimi nikaweka mkono.

Bibi hakupiga magoti. Alitembea mbele kidogo, akipita migomba mitatu, akasimama. "Na hapa," akasema. Kisha akanyoosha panga kuelekea mferejini. "Na pale, chini ya ule uliopinda."

Mama aliinua kichwa. "Ni wa nani?"

"Wangu. Huyu alinyonya siku mbili. Yule hakunyonya."

Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nilikuwa nimepita pale kila siku ya maisha yangu. Nilikuwa nimecheza juu yao. Bibi alikuwa amepalilia kuwazunguka tangu baba yangu hajazaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha yeye. Baadaye alimwambia Mama kwamba aliwatafuta mwenyewe, kwa kuangalia udongo ulikotitia.

"Wanaitwa nani?" Mama akauliza.

Nilingoja Bibi aseme kwamba watoto wa namna hiyo hawana majina. Ndivyo alivyotufundisha.

"Aminieli," akasema. "Na yule ni Kundaeli." Hakusita hata kidogo. Aliyataja kama mtu aliyeulizwa majina ya watoto wanaocheza uani.

Akageuka akaenda mpakani mwa shamba, akakata masale, yale majani marefu ambayo kwetu hupandwa kuonyesha mwisho wa kihamba cha mtu, akarudi na fungu lake. Mama alishika jembe kwa mara ya kwanza. Walichimba pamoja mashimo ya kuyapanda, moja kwa kila mtoto, na mimi nilikuwa nabeba udongo kwa mikono. Tulikuwa kwenye shimo la tatu mzee mmoja wa kanisa alipopita kwenye njia ya mfereji, akasimama, akatuangalia muda.

"Mama," akamwita Bibi, "masale ni ya mpakani. Hapo ni katikati ya shamba."

"Naona," Bibi akasema. Hakuinua kichwa. Alishindilia udongo kwa kisigino, akanituma nikalete maji.